Mfalme Aliyekwamwa na Mwiba

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Makumira nilipogundua kwamba sinema niliyoipenda kuliko zote haikuwa na mwiba wa samaki hata mmoja.

Tulikuwa chumbani kwa rafiki yangu, tumebanana kitandani mbele ya kompyuta yake, mvua inapiga bati. Akafungua sinema ya kihistoria aliyopewa na mtu. Haikuchukua muda nikaitambua. Mwana wa mfalme wa nchi moja ya baridi amefiwa na baba yake, na kabla ya kuvishwa taji ni lazima atamke kiapo kanisani mbele ya watu wote. Asipokitamka, kiti kinakwenda kwa baba yake mdogo, mtu mbaya mwenye ndevu nzuri.

"Naijua hii," nikawaambia. "Huyu ana mwiba kooni. Alikula samaki akiwa mtoto, ukamkwama."

"Mwiba gani?" mmoja akauliza.

"Subiri utaona."

Tukasubiri. Madaktari wa ikulu walimchungulia kooni, mzee mpiga kengele akamfundisha kupumua, mama yake akalia dirishani, yote kama nilivyoyakumbuka, ila mwiba haukutajwa. Maneno ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha, meupe na makubwa, na hayakuwa na samaki ndani yake. Yule kijana alikuwa na kigugumizi. Sinema nzima, tangu mwanzo mpaka kengele za mwisho, ilihusu kigugumizi.

Rafiki zangu walicheka hadi tukasimamisha picha. Mimi nilinyamaza, jambo ambalo kwangu si la kawaida. Nyumbani waliniita mwendesha mashtaka tangu shule ya msingi, nilipomuuliza mwalimu wa kipaimara kama samaki nao waliangamia kwenye gharika, na kama hawakuangamia, wao walikuwa wameifanyia dunia wema gani. Mimi huyo, niliyemtilia shaka Nuhu, nilikuwa nimeishi miaka yote na mwiba wa baba yangu mdogo bila kuuliza swali hata moja.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Wakati nakua alikuwa na banda la video karibu na soko la Ngaramtoni: kuta za mabati, mabenchi ya mbao za mkaratusi, na televisheni moja ya kichogo iliyokaa juu ya meza kama mwenyekiti wa kijiji. Yeye alikaa nyuma kabisa, maiki mkononi imefungwa leso, akitafsiri sinema papo hapo zikiwa zinaendelea. Watu walimwita DJ. Kiingereza alijifunza humo humo kwenye sinema, na leo naamini alichokijua kilikuwa nusu. Nusu nyingine aliitunga. Kwake polisi wa Marekani walikimbizana na wezi kutoka Sanawari mpaka Kijenge, mitaa ya hapa hapa mjini kwetu. Alikuwa askari, akawa mke wa askari, akawa jambazi, akawa mbwa wa jambazi. Hakukwama hata mara moja.

Akiizima maiki, maneno yalimgomea. Yalimgomea zaidi yale yanayoanza na k na b, kwa hiyo aliyazunguka. Dukani hakuomba kiberiti, aliomba "ile ya kuwashia". Betri aliziita mawe ya redio. Hotelini alimsubiri mwenzake aagize, kisha akasema, "Na mimi." Nadhani amekula vitu vingi sana asivyovipenda. Tatizo lilikuwa majina ya watu, maana jina halizungukwi. Mimi aliniita mwanasheria, dada yangu alimwita bibie. Kaka yake, yaani baba yetu, alimwita mkubwa alipokuwa hai, na alipofariki akamwita marehemu. Jina lenyewe sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Wala sisi watoto hatukuona ajabu. Tulidhani kila mtu ana baba mdogo anayesema kwa vituo. Mimi nilikuwa hodari wa kummalizia maneno. Akianza tu, namalizia, naye anaitikia kwa kichwa, tunaendelea.

Sinema ya mfalme aliileta Jumapili. Kwa kawaida aliitazama kwanza sinema mpya asubuhi akiwa peke yake, ajue nani atakufa na nani ataoa. Lakini Jumapili ile kanisani kulikuwa na mnada wa mavuno. Jogoo mmoja alinunuliwa, akarudishwa mbele kwa Bwana, akanunuliwa tena, akarudishwa tena, na mpaka mchungaji anatoa baraka watu walikuwa wameshaanza kujipanga nje ya banda. Baba mdogo alitoka kwenye mnada moja kwa moja hadi kwenye maiki. Ubaoni alikuwa ameandika kwa chaki: SINEMA YA KIFALME, HAKUNA KUPIGANA. Kwa sababu ya maneno hayo kina mama nao walikuja, akiwemo mama mmoja muuza ndizi aliyekaa benchi la mbele pamoja nami, kapu lake miguuni.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Mfalme mzee akafa, theluji ikaanguka, baba mdogo akamlilia mfalme kwa sauti ya kiume na ya kike. Kisha kijana akaitwa mbele ya baraza aseme neno. Akasimama. Akafungua kinywa. Taya likatetemeka, macho yakamtoka, na hakikusikika kitu.

Nyuma yetu maiki nayo ilikuwa kimya.

Nikageuka. Baba mdogo alikuwa amesogea mbele ya kiti, anaitazama televisheni kama mtu aliyetajwa mkutanoni bila kutarajia.

"DJ, maiki imekata?" mtu akauliza.

"Haijakata," akajibu kwa sauti yake ya sinema. "Ndugu watazamaji, kijana huyu amekwamwa na mwiba."

"Mwiba wa nini?" akauliza yule mama wa ndizi.

"Wa samaki. Alikula samaki akiwa mdogo. Mpaka leo haujatoka."

Banda zima likasema aaa. Usisahau tulikuwa wapi. Kwetu Waarusha anayeeleweka ni ng'ombe. Samaki, bibi yangu alikuwa akisema, ni nyoka aliyenenepa. Habari kwamba mtoto wa mfalme ameharibiwa na samaki haikumshangaza mtu.

"Nilijua tu," akasema mama wa ndizi. "Mtu ana zizi limejaa, anakwenda kula kitu cha majini. Na ni mfalme kabisa."

Tangu hapo kila kitu kikakaa mahali pake. Madaktari wanachungulia koo: wanautafuta mwiba. Mama analia: angejua asingempikia. Kisha ikaja karamu ya ikulu, na sahani ya fedha ikafunuliwa, na juu yake, sitanii, alikuwa amelala samaki mkubwa na macho yake. Watu waliruka kwenye mabenchi. Baba mdogo hakuwa ameipanga ile, ilijileta. Yule mtu mwenye ndevu nzuri alipoanza kumwigiza kijana mezani huku anatafuna, nusura televisheni ipigwe ndizi.

Mwishoni, kanisani, kijana akasema kiapo. Alisema polepole, anasimama, anaendelea. Baba mdogo akamfuata neno kwa neno, polepole vile vile. Lilipotoka la mwisho, akangoja kidogo, akasema kwenye maiki, "Umeshuka." Kina mama wakapiga vigelegele mle ndani.

Bibi hakukanyaga banda maishani mwake, lakini kabla ya jua kuzama alikuwa ameshasimuliwa yote. Mama yangu alikuwa akithubutu kununua dagaa mara mojamoja, bibi akamkataza. Akaacha.

Sasa turudi Makumira. Mwisho wa juma lile nilikwenda nyumbani nikiwa na hotuba nzima kichwani juu ya wajibu wa mtafsiri. Banda lilikuwa limekufa zamani. Simu zilipoingia kila mfukoni watu waliacha kulipa kukaa kwenye mbao. Baba mdogo alikuwa amegeuka fundi wa ving'amuzi. Nilimkuta juu ya bati la jirani anageuza dishi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanasheria."

"Nimeiona ile sinema ya mfalme. Ile yenyewe, yenye maandishi."

Akaendelea kukaza nati.

"Hamna samaki," nikasema.

"Yu-yupo. Pale mezani."

"Yule ni chakula tu. Kwa nini hukusema ukweli?"

Akaweka spana chini. Jibu lilimchukua muda, na nitaliandika bila vituo vyake kwa sababu vilikuwa vingi na havibadilishi maana. "Ungekuwa wewe ungemtafsiri vipi? Nikikwama, watu wanasema DJ amekwama. Nisipokwama, wanauliza huyu mtu analia nini, mbona anaongea vizuri. Nilikuwa na muda gani wa kufikiri?"

Hotuba yangu ikaishia pale chini ya ngazi. Lakini sikukubali kuondoka bila kubishana na mtu, kwa hiyo nikaigeukia sinema yenyewe. Nikamwambia uongo mkubwa si mwiba. Uongo mkubwa ni kwamba mtu anasema kiapo kimoja, kengele zinapigwa, kigugumizi kimekwisha. Na kwa nini ni lazima awe mfalme? Wangapi wamekwama maisha yao yote na hakuna aliyewapigia kengele?

"Hapo hata mimi sikumwamini," akasema. "Ndiyo maana nilisema umeshuka. Si-sikusema umetoka."

Mwaka uliofuata dada yangu akachumbiwa. Kijana alikuwa anafanya kazi naye mjini, mpole, mrefu, kwao Mwanza, karibu kabisa na ziwa. Siku alipotambulishwa kwa bibi, mgeni alipoondoka bibi akauliza swali moja.

"Hao wanakula nini?"

"Samaki, koko," dada akajibu. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiarusha.

"Kila siku?"

"Siyo kila siku."

"Mungu atawalinda," bibi akasema, na sherehe zikaanza kupangwa.

Kwenye sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, kuna kazi moja ambayo hakuna kamati inayoweza kuikwepa. Kabla watu hawajala, mtu wa nyumba ya binti anasimama mbele ya wakwe na kuutambulisha ukoo: huyu ni fulani, ni nani wa binti; yule ni fulani. Mtu kwa mtu, jina kwa jina. Kazi hiyo ni ya baba. Baba akiwa hayupo, ni ya mdogo wake.

Baba mdogo alisema MC anaweza. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa anaongoza kamati na kila kitu kingine, akamtazama.

"MC ni mtu wa kukodi. Watu watoke Mwanza waje waonyeshwe ukoo na mtu wa kukodi?"

"Mi-mimi nitaangalia jenereta."

"Jenereta lina mtu wake."

"Basi mjomba wao."

"Mjomba ni wa upande wa mama. Wewe unajua haya kuliko mimi, unanizungusha tu."

Baadaye nilimkuta zizini anakata majani ambayo hayakuhitaji kukatwa. Alichokuwa anakiogopa alikisema mwenyewe, kwa taabu: kwamba atasimama, atakwama, na wageni watarudi Mwanza wakijua wamechukua binti kwenye nyumba isiyo na mtu wa kuisemea. Nilimpelekea dada maneno hayo, nikidhani atamwonea huruma na kumwachia MC. Alikuwa anajaribu viatu. Akasema hapana.

"Jina la baba litatajwa siku ile," akasema. "Sitaki litajwe na mtu ambaye hakumjua."

Hapo ndipo mimi, msomi wa nyumba, nilipopata wazo. Nilikuwa na video ya harusi ya binamu kwenye simu. Nikaondoa sauti, nikamwekea baba mdogo mbele ya uso, nikamkabidhi gunzi la muhindi liwe maiki. "Tafsiri," nikamwambia. Akaniona mjinga. Kisha akatazama picha, akakohoa kidogo, na ile sauti ya banda ikatoka kama vile haijalala hata siku moja.

"Ndugu watazamaji, huyu mwenye koti la kijivu ni mjomba wake bibi harusi, mtu wa maneno machache na nyama nyingi. Anayemfuata ni shangazi. Msimcheke, anaona."

Akayataja majina yote. Hata yale ya k. Ndama aliacha kunyonya akatuangalia. Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa. Tukafanya hivyo jioni baada ya jioni, na mimi nikazungumza na MC: picha za wanaukoo zitapita moja moja kwenye skrini ukumbini, baba mdogo atakaa pembeni na maiki azitafsiri. Ya baba itakuwa ya mwisho katika zile za wazee.

Ukumbi ulikuwa upande wa Sakina. Wakwe waliingia wamevaa vitenge vya sare, wakiongozwa na baba wa kijana, mzee mnene, mtulivu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya maji. Bibi alikaa kiti cha mbele na shanga zake zote. Dada alikuwa jukwaani kwenye gauni la dhahabu, akionekana kama mtu mwingine mpaka alipokuna pua.

MC akaita, taa zikapunguzwa, picha ya kwanza ikatokea. Baba mdogo akaanza. Watu wa Ngaramtoni waliijua ile sauti, wakapiga meza. Mjomba wa nyama nyingi akapita, shangazi akapita na kucheka mwenyewe, wakwe wakawa wanafutana machozi ya kicheko. Nilikaa nyuma nikijipongeza. Sikuwaza lolote zaidi ya kwamba nilikuwa nimepatia.

Kisha ikaja picha ya baba. Ni picha ya zamani: amevaa mabuti ya mvua, ameshika mtamba kwa kamba, karibu acheke.

"Na huyu, ndugu watazamaji," baba mdogo akaanza, akanyamaza.

Akaitazama picha. Tukasikia maiki inazimwa, ile tiki ndogo. Akaiweka mezani, akatembea mpaka mbele ya meza ya wakwe, akasimama mikono ikining'inia.

"Huyu ni kaka yangu," akasema kwa sauti yake ya nyumbani. "Anaitwa..."

Ikagoma. Taya likaanza kutetemeka. Jikoni mfuniko ukaanguka na hakuna aliyegeuka. Mimi jina lilikuwa tayari ulimini, nimeshainuka nusu, kwa mazoea tu. Dada akaniona kutoka jukwaani. Akatikisa kichwa. Nikakaa.

Upande wa wakwe watu walianza kutazamana. Baba wa kijana akainama mbele.

"Mzee ana nini?" akauliza, siyo kwa ubaya.

Bibi ndiye aliyekuwa karibu naye. Akajibu taratibu, bila hata kugeuza shingo.

"Mwiba."

Upande wetu ukalipuka kwa kicheko. Wote waliowahi kukaa kwenye zile mbao za mkaratusi, na watoto wao waliosimuliwa, walishika koo. Shangazi alishika koo. Mama yangu alishika koo huku machozi yanamtoka. Dada, na gauni lake lote, mkono kooni.

Baba wa kijana peke yake hakucheka. Mtu wa ziwani hafanyi mzaha na mwiba. Alikuwa ameshasimama.

"Wa sato au sangara?" akauliza. "Mtu asimpige mgongoni. Mnatakiwa kumpa kitu laini ameze bila kutafuna." Akageuka mwenyewe, akaenda kwenye meza ya vyakula, akachagua ndizi mbivu, akaimenya akiwa anatembea, akamfikia baba mdogo. "Meza, ndugu yangu. Usiogope. Mimi nimetoa mingi."

Baba mdogo akaiangalia ndizi. Akamwangalia mzee. Kisha akacheka, akacheka mpaka akajishika magoti, na yule mzee akasubiri na ndizi yake.

"Mzee," baba mdogo akasema alipoinuka, "si-si mwiba."

"Si mwiba?"

"Ni k..." Akasimama hapo. Kicheko kikaisha ukumbini, mtu mmoja baada ya mwingine. Hakulizunguka. Ningeweza kuona anatafuta njia ya pembeni na kuiacha. "Ni k-k-kigugumizi. Ninacho tangu utotoni."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kwake, kwenye maiki wala nje ya maiki.

Baba wa kijana akafikiri. "Aa," akasema. "Hicho sina dawa yake. Basi endelea, tunasikiliza." Akarudi kitini na ndizi mkononi, na kwa kuwa hakukuwa na pa kuiweka, akaila.

Baba mdogo akageuka tena kwenye picha. Akalitaja jina la kaka yake. Lilikuja vipande vipande, na alipolimaliza alilirudia, lote, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Mama aliinamisha kichwa. Kisha akamtaja mama, akamtaja bibi, akamtaja bibie, kwa majina yao, bila maiki, na wakwe walinyanyuka kidogo kwa kila mmoja na kusema asante. Langu lilimchukua muda mrefu kuliko yote. Nilisubiri kwa raha. Mbuzi wa ndafu alishapoa, na mpishi alikuwa amesimama mlangoni anatuangalia kama watu wasio na adabu.

Kwenye foleni ya chakula nilimkuta yule mama wa ndizi, sasa amezeeka, sahani yake imejaa.

"Mama, siku ile bandani," nikamwambia, "ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kwamba hakukuwa na mwiba."

"Mwanangu, mdomo wa yule kijana na mdomo wa baba yako mdogo ulikuwa mmoja. Tulijua kabla hajataja samaki."

"Sasa mbona mlisema aaa?"

"Ulitaka tuseme nini?" akajibu, akaongeza ndizi za nyama.

Kesho yake asubuhi baba mdogo alinikuta getini akataka kunisalimia kwa jina, akashindwa, akaniita mwanasheria. Naandika hili kwa sababu mimi na yeye tuliiona ile sinema na hatukuuamini mwisho wake.

Mchana baba wa kijana akatualika wote mjini kabla hawajaondoka, kwenye hoteli inayoletewa sato kutoka kwao. Mhudumu akazunguka meza. Wakwe sato. Mama sato, jambo lililonishangaza. Mimi sato. Bibi akaagiza wali maharage.

"Koko," nikamwambia, "jana umesikia mwenyewe, hakukuwa na mwiba. Jaribu basi."

"Yule nilimzaa mimi. Unadhani nilingoja sinema nijue ana nini?"

"Kwa hiyo ulijua, na bado ukatunyima dagaa."

"Samaki sili," akasema bibi. "Nilipata sababu, nikaitumia."

Mhudumu alikuwa amefika kwa baba mdogo. Sisi tulijua atasema "na mimi", na mhudumu, kwa kuona meza ilivyo, alikuwa ameshaanza kuandika sato.

"Mimi," baba mdogo akasema, "k..."

Kalamu ikasimama. "Kisamvu?" mhudumu akauliza. "Kachumbari?"

Baba wa kijana akainua kiganja. "Mwache."

Mhudumu akaacha. Nje mlima ulikuwa umefungwa na mawingu, chini wazi, juu hakuna. Nikauangalia huo. Nilikuwa nimeshalijua neno, na meza nzima ililijua, na sikulisema.

"K-k-kuku," akasema baba mdogo, akaegemea kiti.

Mhudumu akaandika. Kisha akainua uso, kwa heshima kabisa, kama alivyofundishwa.

"Wa kukaanga au wa kuchoma, mzee? Na utakula na nini?"

Baba mdogo akatutazama sisi, akamtazama yeye. Akavuta kiti karibu na meza, akaanza upya.